Siwa Iliundwa Ivuzwe

Makumbusho ya Lamu yanahifadhi siwa, yaani baragumu za heshima, mbili mashuhuri: ya Pate, iliyochongwa kwa pembe ya ndovu, na ya Lamu, iliyoundwa kwa shaba. Ni ndefu kama mtu mzima au zaidi, zimejaa nakshi, na tundu la kuvuzia liko ubavuni. Mwaka 1498, Vasco da Gama alipotia nanga Malindi, mwandishi wa safari yake alitaja siwa za namna hii, akasifu jinsi zilivyopatana na ala nyingine. Mwandishi yule alisikia. Mgeni wa makumbusho leo anatazama tu, na kwangu huo ni uhifadhi wa nusu, kwani siwa ilikuwa kauli ya utawala: ilivuzwa katika harusi na tohara za waungwana, na mji mzima ukajua nani ana haki ya kuvuziwa.

Wahifadhi watasema pembe kongwe haivumilii pumzi yenye unyevu, itapasuka. Ni kweli kabisa, na siwa zile zisiguswe. Zitengenezwe nakala. Na asiseme mtu kwamba nakala ni uzushi: Habari za Pate, masimulizi ya historia ya mji huo, zasimulia kuwa mwanamke aitwaye Mwana Darini alinyimwa siwa kwa tohara ya mwanawe, akaagiza fundi amchongee nyingine. Heshima haikukoma kwa kuwa siwa ilikuwa mpya. Wala hatuhitaji kumuua ndovu hata mmoja. Siwa za Mwinyi Mkuu, mtawala wa zamani wa Unguja, ni za mti, na katika ala za kupuliza sauti hutegemea zaidi urefu na umbo la uwazi wa ndani kuliko kitu kilichouzunguka. Uwazi huo waweza kupimwa kwa eksirei bila kuikwaruza pembe.

Pingamizi zito zaidi ni la hadhi: siwa itageuzwa kichezeo cha watalii. Hofu hiyo naiheshimu, na ndiyo sababu nakala isiwe mali ya duka la makumbusho. Wazee wa Pate na Lamu ndio waamue ivuzwe lini, na nani, kwa shughuli ipi. Na kijana atakayefundishwa aanze sasa, maana namna ya kubana midomo na kupanga pumzi haikuchongwa kwenye pembe.