Nani Apunguze Sauti ya Drams?

Bumu lilipotoka muhula uliopita, bendi yetu ya watu sita tulichangishana tukapanga chumba cha mazoezi Kariakoo, ghorofa ya tatu, si mbali na Mtaa wa Msimbazi. Kodi nafuu, usafiri mwendokasi, tukaona tumelamba dume. Wiki ya tatu mama wa ghorofa ya pili akapanda ngazi. Hakuja kugombana. Alisema tu, "Wanangu, nina mgonjwa ndani. Hiyo ngoma yenu inampiga kifuani." Sisi wenyewe hatukuwa salama: mwimbaji wetu alikuwa amekaukiwa sauti siku ya nne.

Ndipo likazuka lile bishano ambalo kila bendi ya wanafunzi inalijua. Nusu yetu wakasema tutafute drams za umeme, kesi iishe. Nusu wakasema drams za umeme ni toi. Wote tulikuwa na ukweli nusu.

Tuanze na chanzo cha tatizo. Gitaa, besi, kinanda na maiki vyote vina mahali pa kupunguzia sauti. Drams za kawaida hazina. Zina mkono wa mpigaji tu. Ndani ya chumba kidogo cha zege na vigae, zinapita desibeli 100 bila shida. Mpiga gitaa hajisikii, anapandisha. Besi inafuata. Mwimbaji anaongeza maiki mpaka spika inapiga mluzi, na ikishindikana anaanza kupayuka. Ndivyo koo linavyoharibika.

Usifikiri spika kubwa itakuokoa. Ili sikio lihisi sauti imepanda kama mara mbili, unahitaji kuongeza takribani desibeli 10, na desibeli 10 zinadai nguvu mara 10. Maana yake, kama maiki inatumia wati 100 na drams zikapanda kiasi hicho, ili mwimbaji awafikie unahitaji wati 1,000. Mbio hizo hakuna anayeshinda. Njia pekee ni kushusha kile kilicho juu kuliko vyote.

Na masikio je? Kipimo kimoja kinachotumika sana katika usalama kazini kinasema desibeli 85 zinavumilika kwa muda wa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu. Kwa desibeli 100 unabaki na dakika 15. Sisi tulikuwa tunapiga saa tatu mfululizo. Ule mlio unaousikia usiku ukiwa umelala hosteli si mzuka wa mazoezi, ni onyo. Seli za kusikia za sikio la ndani zikishakufa hazioti tena.

Sasa drams za umeme. Hizi unapiga kwenye raba au wavu, kihisio kinalitambua pigo, kikasha kinatoa sauti. Zile za wavu zilipata umaarufu baada ya Roland kuzitoa mwaka 1997, kwa sababu kijiti kinaruka karibu kama kwenye ngoma halisi. Sauti unaipeleka kwenye hedifoni au kwenye mikisa, unaipunguza unavyotaka. Tuliazima seti moja, tukafunga, tukajisifu.

Kisha mmoja wetu akashuka kusimama kwenye korido ya yule mama. Akarudi amenywea. Muziki hausikiki kabisa huko chini, alisema, lakini mguu unasikika wote: du, du, du. Pedali ya kiki inapiga sakafu, na zege linasafirisha mtikisiko. Si bure kanuni zetu za mazingira za mwaka 2015 zinataja kelele pamoja na mitetemo. Na wadau msichukulie poa: mwaka 2022 NEMC ilifungia baa kadhaa kwa sababu ya kelele.

Drams za umeme zina madeni mengine pia. Zinataka spika yenye uwezo wa kubeba besi. Ukizichomeka kwenye spika ndogo ya kinanda, kiki inakoroma. Umeme ukikatika, mmekwisha. Na sahani bado hazijibu vizuri mguso mwepesi kama za kweli, hasa kwenye seti za bei ya chini.

Hapa wazee wa dansi wana la kutufundisha. Mlimani Park, Sikinde hiyo, ilianza mwaka 1978 na ukumbi wa DDC Kariakoo ukawa kama nyumbani kwake. Sikiliza nyimbo zao zilivyopangwa: mwanzo taratibu, waimbaji wanasimulia kisa, drams na tumba zinawapisha, baadaye linakuja chemko, ngoma zinaachiwa. Sauti inapangwa ndani ya wimbo kabla haijafika kwa fundi mitambo. Mpiga drams anayepiga kwa nguvu ileile kutoka mwanzo hadi mwisho hana pa kupandia chemko likifika.

Basi tukaamua hivi. Kariakoo tunatumia za umeme, zikiwa juu ya ubao uliowekwa kwenye vipande vya godoro, na kiki tunapiga kwa mguu mwepesi. Jukwaani tunatumia za kawaida, blanketi ndani ya kiki, na kwenye nyimbo za taratibu tunapigia vijiti vyembamba vilivyofungwa pamoja. Spika ya gitaa tumeiinua juu ya kiti ilenge sikio la mpigaji, maana ikiwa chini inampiga magotini na yeye anazidi kupandisha. Na kila zoezi tunaanza na mwimbaji bila maiki: kama hatumsikii, wote tunashuka.

Kabla hujamaliza bumu lako kwenye seti yoyote, fanya kipimo kisicho na gharama. Mwache mpiga drams aendelee, wewe shuka ghorofa moja, simama mlangoni kwa watu, usikilize. Sisi tulipofunga ule ubao tulimwomba mama asikilize mwenyewe. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Sasa mtoto atalala." Saa za mazoezi tumepanga naye.