Kisamvu Twachemsha, Mbuzi Twampa Kibichi

NDUGU msomaji, hakuna mama wa Mwanza anayethubutu kuwapakulia watoto wake kisamvu kibichi. Atakitwanga kwanza, akichemshe hadi kiive sawasawa, ndipo atie karanga na chumvi. Mihogo michungu nayo haiingii chunguni hivi hivi. Huivundika, huianika juani ikawa udaga, kisha huisaga apate unga wa ugali. Ujuzi huo hakuupata darasani. Ameurithi kwa bibi yake, naye bibi aliurithi kwa waliomtangulia, kwa kuwa wote walijua kwamba ndani ya muhogo mna sumu.

Ajabu ni kwamba katika nyumba hiyo hiyo maganda na majani ya mihogo hiyo hiyo huchukuliwa mabichi na kumwagwa mbele ya mbuzi aliyefungwa uani. Mara nyingi mbuzi hula na kushiba, wala hapatokei jambo. Siku moja hula, na kabla ya saa kupita yuko chini, miguu juu. Majirani husema amerogwa au ameumwa na nyoka. Wachache hutazama kilichobaki ndani ya hori.

UFUGAJI WA UANI

Mirongo ni sehemu ya katikati ya mji wa Mwanza, na mto wenye jina hilo hupita kati ya majumba na kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Mahali kama hapa hapana mbuga ya kuchungia. Mfanyakazi mwenye mbuzi watatu, au familia yenye ng'ombe mmoja wa maziwa pembezoni mwa mji, hulisha kinachopatikana: nyasi za kando ya barabara, maganda ya jikoni na sokoni, mashudu ya dukani, na matawi yanayokatwa wakati wa kusafisha ua.

Malisho ya namna hiyo ni msaada mkubwa. Hata hivyo yana hatari moja. Mnyama anayechungwa porini huonja hapa na pale, na mengi yaliyo mabaya huyapita. Mnyama wa bandani hana hiari hiyo, hula alicholetewa. Kiangazi, kati ya Juni na Septemba, nyasi zinapokauka, hata yule wa porini huacha kuchagua. Wahenga walisema mwenye njaa hana miko, na neno hilo halikuwahusu binadamu peke yao.

MUHOGO NA MTAMA MCHANGA

Sumu ya muhogo huitwa sianidi. Katika mmea ulio mzima imefungwa isidhuru. Jani likitafunwa, au ganda likipondwa, kifungo hicho hukatika na sumu hutoka. Ikiingia katika damu, huzizuia chembe za mwili zisiweze kuitumia hewa safi ambayo damu imezipelekea. Mnyama huhema kwa nguvu, hutoka povu, huyumba, huanguka, naye huweza kufa katika dakika chache. Ukimfunua midomo utaona ufizi mwekundu sana, kwa sababu damu imejaa hewa isiyotumika.

Wanyama wanaocheua, yaani ng'ombe, mbuzi na kondoo, wamo hatarini kuliko nguruwe, kwani vijidudu vya tumbo lao la kwanza huharakisha kuifungua sumu hiyo. Maganda nayo yana sumu nyingi kuliko nyama ya muhogo.

Kwamba jambo hili si mzaha, majirani zetu wa Mara ni mashahidi. Mwaka 1985, wakati wa ukame wilayani Tarime, waganga walichunguza watu 39 waliopooza miguu ghafla. Ugonjwa huo huitwa konzo. Njaa ilikuwa imewafanya watu wale mihogo michungu ambayo haikutayarishwa kwa muda wa kutosha, huku wakikosa vyakula vya kujenga mwili. Kama haraka ya siku chache iliweza kumlemaza binadamu, mbuzi atakingwa na nini?

Dawa yake ni ile ile ya bibi: jua na subira. Katakata majani na maganda vipande vidogo, uyatandaze juani, uyageuze, hadi yakauke kabisa. Kukatakata huifungua sumu, na jua pamoja na upepo huiondoa kabla haijafika tumboni. Baada ya hapo maganda yale yale ni chakula kizuri.

Mtama pia una sumu ya namna hiyo ukiwa mchanga, na hasa machipukizi yanayoota baada ya mavuno au baada ya ukame kukatizwa na mvua. Yanavutia kwa ukijani wake wakati kila kitu kingine ni kikavu. Usiyakate kulisha mifugo mpaka mimea ipite kimo cha goti na kuelekea kiunoni, wala usidhani kwamba kunyauka kidogo kunatosha. Kamwe usimfungulie mnyama mwenye njaa kali katika shamba la namna hiyo.

MASHUDU YA PAMBA

Hapa Usukumani, nchi ya pamba, mashudu ya mbegu za pamba ni chakula maarufu cha ng'ombe wa maziwa. Yana nguvu, na kwa ng'ombe mkubwa aliye mzima ni chakula cha kusifiwa. Lakini mbegu ya pamba ina sumu yake, gosipoli, ambayo mmea hujikinga nayo dhidi ya wadudu.

Tumbo la ng'ombe mkubwa huweza kuidhibiti kwa kiasi. Ndama ambaye hajaanza kucheua sawasawa hana uwezo huo, wala nguruwe na kuku hawana. Sumu hii hujilimbikiza polepole. Moyo hudhoofika, mnyama hukonda na kuhema, kisha hufa, na mwenyewe hudhani ni mapafu. Madume ya mbegu huweza kupungukiwa na uwezo wa kuzalisha. Kuku nao hutaga mayai ambayo viini vyake hugeuka rangi yakiwekwa.

Basi usichote mashudu kwa makadirio ya jicho. Mpe ng'ombe mkubwa kwa kipimo atakachoelekeza bwana mifugo, ukichanganya na pumba na majani. Wanyama wadogo wachanganyie mashudu ya alizeti. Na mashudu yaliyoota ukungu usiyatumie kwa mnyama yeyote, kwani ukungu una sumu yake nyingine, na baadhi ya sumu hiyo huweza kupita katika maziwa ikamfikia mtoto wako.

UA LA NYUMBA

Tazama pia ua wa nyumba. Minyaa hupandwa tangu zamani kuwa boma, na utomvu wake mweupe huunguza mdomo na macho. Mbarika huota penyewe majalalani. Mbegu zake zina sumu kali kwa mifugo na kwa watoto. Lantana, kichaka chenye maua ya rangi mbili tatu, kililetwa kutoka Amerika ya kitropiki kuwa pambo. Mnyama akila majani yake kwa wingi, ini huharibika, macho huwa manjano, na ngozi isiyo na rangi, kama yale mabaka meupe ya ng'ombe wa kizungu, huungua kwa jua na kuchubuka.

Na yupo mgeni mwingine wa kuangaliwa: gugu karoti, lililogunduliwa Arusha mwaka 2010. Majani yake hufanana na ya karoti, maua ni meupe na madogo. Huwasha ngozi ya anayeling'oa kwa mikono mitupu, na huyatia maziwa uchungu. Mbegu zake husafiri kwa magari na kwa nyasi zinazouzwa, kwa hiyo fungua robota kabla ya kulilisha.

MNYAMA AKIANGUKA

Ukimwona mnyama anayumba baada ya kula, ondoa chakula chote mara moja, muweke kivulini, umwite bwana mifugo bila kuchelewa. Kwa sumu ya muhogo na mtama ipo sindano inayoweza kumwokoa, lakini wakati ni mfupi sana. Hifadhi kiasi cha alichokula. Hicho ndicho kitakachomwongoza mtaalamu.

Hapa tuseme wazi jambo linalofanyika kwa siri. Wengi wakiona mnyama anakata roho hukimbilia kisu, ili nyama iuzwe angalau hasara ipungue. Ndugu msomaji, kifo cha ghafla huweza kuwa cha sumu, na huweza kuwa cha kimeta, ugonjwa unaomwua mnyama kwa saa chache na kumwambukiza anayemchuna. Kwa macho matupu huwezi kuvitofautisha kwa hakika. Mzoga wa namna hiyo usifunguliwe, hasa ukitoka damu puani au mkunduni. Mtaalamu auone, ndipo uteketezwe au uzikwe kwa kina. Bei ya mbuzi mmoja haiwezi kulipia maisha ya jirani aliyenunua kilo moja kwa nia njema.

Kwa familia ya mjini ng'ombe mmoja ni karo ya shule, ni maziwa ya mtoto, ni akiba ya siku ya ugonjwa. Hasara yake haihesabiwi kwa shilingi tu. Leo jioni, kabla ya kumwaga karai la maganda horini, mwulize aliyelileta: yamekatwa wapi, na yameanikwa kwa siku ngapi? Kama hana jibu, yarudishe juani.