Miaka 38 ambayo kitabu cha Salme hakikuifikia

Habari za Sayyida Salme huanzia Mtoni, kaskazini ya mji wa Zanzibar, alikozaliwa Agosti 1844, binti wa Sultani Sayyid Said na mama wa Kicherkasi aliyeitwa Jilfidan. Wengi wanazijua. Alijifunza kuandika kwa siri, akinakili aya za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Akapendana na mfanyabiashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete, akashika mimba, na mwaka 1866 akatoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko, tarehe 30 Mei 1867, akabatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa. Hapo ndipo masimulizi ya barazani hukatika.

Historia nyingi za ukoo zina kasoro hiyohiyo. Kila nyumba ina babu aliyevuka bahari au bibi aliyekataa kuozwa, na kisa chake hurudiwa mpaka watoto wakakikariri. Muulize msimulizi huyohuyo bibi alizeekea wapi, nani alimuuguza, nani alimlipia kodi ya nyumba: majibu yanakuwa mafupi.

Kwa Salme pengo hilo ni kubwa mno. Kumbukumbu zake zilichapishwa Berlin mwaka 1886, naye akafariki 1924. Miaka 38, karibu nusu ya umri wake!

Mumewe alikufa Agosti 1870 kwa ajali ya tramu mjini Hamburg, akamwachia watoto watatu, mkubwa hajatimiza hata miaka mitatu. Mjane akahama mji baada ya mji, akifundisha Kiarabu ili apate riziki. Mwaka 1885 alirudi Zanzibar kudai urithi wa baba yake, lakini kaka yake, Sultani Barghash, hakukubali hata kuonana naye. Safari ya 1888, Barghash akiwa ameshafariki, nayo haikuzaa kitu. Kutoka hapo hakutaka tena kuzeekea Ulaya. Akaenda Jaffa, kisha Beirut, akakaa katika nchi ambazo Kiarabu husikika mlangoni na sokoni, mpaka 1914. Mwisho akarejea Ujerumani kwa binti yake Rosalie, na huko Jena akafariki kwa nimonia tarehe 29 Februari 1924. Alizikwa Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf, kwenye kaburi la ukoo wa mumewe.

Haya yanajulikana kwa sababu mtoto alitunza makaratasi. Rudolph Said-Ruete, mwanawe, alikusanya vitabu na nyaraka za mama, na mwaka 1929 akachapisha kitabu kuhusu babu yake, Sayyid Said. Mkusanyo huo ukafika Leiden, Uholanzi. Miongoni mwa maandishi ya Salme zilikuwemo barua ndefu kuhusu maisha yake ya Ujerumani, ambazo hakuzichapisha mwenyewe. Zilitoka kwa Kiingereza mwaka 1993, na ndani yake yumo mjane mpweke anayehesabu fedha na kuisaka njia yake katika lugha ya ugenini. Binti wa jumba la Mtoni hatoshi kumweleza mwanamke huyo.

Kutunza nyaraka kunadai ujasiri pia. Hamburg iliwahi kukipa kiwanja jina lake, kisha ikaliondoa kwa sababu kitabuni mwake aliutetea utumwa. Anayeandika habari za wazee wake aliweke na hilo mezani. Ukoo unaofuta doa unamfuta na mtu.

Nyaraka za uzeeni hazivutii macho: barua ya pensheni, risiti ya kodi, cheti cha hospitali, bahasha yenye anwani na muhuri wa posta. Bahasha moja tu yaweza kuthibitisha marehemu aliishi mtaa gani na mwaka gani. Ndizo zinazochomwa kwanza baada ya matanga, nyumba inaposafishwa. Msizichome. Ziwekeni ndani ya bahasha kavu, andikeni nyuma ya kila picha jina, mahali na mwaka, na aliyemuuguza marehemu aulizwe sasa, angali hai.