Siku 84 Zimekwisha, Mama Anarudi Kazini

Dada zetu, tunaifahamu asubuhi ile: likizo ya uzazi ya siku 84 imekwisha, mtoto bado ananyonya, na ofisini, wodini au darasani mnasubiriwa. Wengi hutoka nyumbani wakifuta machozi, wakidhani kuwa kusubiri ni kunyamaza.

Sivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kila siku, ndani ya muda wa kazi, amnyonyeshe mwanawe. Idaini haki hiyo kwa adabu, bila kuona haya.

Nanyi akina baba, Qur'ani Tukufu inapotaja miaka miwili ya kunyonyesha, katika Suratul Baqarah aya ya 233, papo hapo inamtwika baba chakula na mavazi ya mama. Naye Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alifanya nini nyumbani, alieleza kuwa aliwahudumia ahli zake mpaka wakati wa Swala. Nani basi kati yetu ataona aibu kumwogesha mtoto?

Dada yetu, uchovu wako si upungufu wa imani. Omba dua, na uombe msaada.