Magurudumu ya Gari: Yalingane au Yachanganywe?

Hivi karibuni mkulima mmoja wa hapa Macalder alifika afisini kwetu, pikapu yake ikilia nyuma kama jiwe la kusagia. Alikuwa amepakia mahindi ya kupeleka Migori. Nilipoinama niliona sababu: upande wa kushoto tairi limeandikwa 195/65 R15, upande wa kulia 185/70 R14. Alikuwa amenunua gurudumu kuukuu kwa bei nafuu, akaona nati zaingia, basi.

Maandishi hayo husomwa hivi. 195 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu wake, yaani sehemu 65 katika kila 100 za upana huo. 15 ni inchi za rimu. Ukipiga hesabu, gurudumu la kwanza lina kimo cha milimita 635 hivi, la pili 615. Tofauti ni kama upana wa kidole gumba. Hata hivyo, katika kila kilomita moja lile dogo huzunguka mara 16 zaidi.

Sasa fikirini juu ya difu. Kazi yake ni kuyaacha magurudumu mawili ya ekseli moja yapishane mwendo gari linapopinda. Njia ikinyooka, meno yake madogo ya ndani hupumzika. Magurudumu yasipolingana, hayapumziki kamwe. Mafuta hupata moto na vyuma hulika. Kwa hiyo ekseli moja, saizi moja, na tairi jipya lisifungwe pamoja na lililolika likawa laini.

Je, mbele saizi hii na nyuma ile? Kwa gari linaloendeshwa na magurudumu mawili yawezekana, kama watengenezaji wameruhusu. Kwa gari la magurudumu manne, hapana. Katika matope tairi huteleza na kusamehe, lakini kwenye lami giaboksi ndiyo huumia.

Wengine huniuliza, "Mbona trekta?" Trekta la kawaida husukumwa na magurudumu ya nyuma tu, yale madogo ya mbele huongoza. Na lile linalovuta kwa yote manne, gia zake zilipimwa kiwandani kwa saizi hizo hizo.

Ukipasukiwa njiani nyuma, na speya ni ndogo, hamisha gurudumu zima la mbele lije nyuma, speya uifunge mbele, uende polepole hadi kwa fundi. Yule mkulima hakufanya hivyo. Difu yake ilifunguliwa Migori, na fedha za mahindi ziliishia huko.