Je, Wajua? Seva ya Nyumbani Hujengwa Ikijua Itakufa

Mashine nyingi hununuliwa kwa matumaini kwamba hazitaharibika. Seva ya kuhifadhi nakala za kompyuta huundwa kwa mawazo tofauti kabisa: karibu kila kilichomo ndani yake kimewekwa kwa sababu kuna kingine ambacho siku moja kitakufa. Hukaa kimya kwenye kona karibu na ruta, bila skrini wala kibodi. Usiku, wenye nyumba wakiwa wamelala, huzipitia kompyuta zao moja baada ya nyingine na kuchukua kilichobadilika tangu jana: picha za harusi, hesabu za duka, tasnifu ya binti aliyeko chuo.

Si lazima iwe ya gharama. Wapo wanaonunua visanduku vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, kama vya Synology, na wapo wanaotumia laptopu ya zamani iliyopasuka kioo, wakaiwekea Linux na kuichomekea diski. Mashine ndogo inayokula wati 20 mchana na usiku humaliza takriban nusu uniti ya umeme kwa siku. Ngumu si kuipata. Ngumu ni kuijua tabia yake, hasa tabia ya diski, maana ndiyo inayobeba mzigo wote.

Diski ya kwanza ya namna hii ilitoka IBM, kwenye maabara ya San Jose, California, mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50 zenye kipenyo cha sentimita 61 kila moja, uzito wake ulikuwa takriban tani nzima, na ilibeba herufi milioni 5. Leo nafasi hiyo ingejazwa na picha moja au mbili za simu. Diski ya terabaiti 4 unayoishika kwa mkono mmoja hubeba mara 800,000 zaidi.

Ndani ya diski ya leo mna sahani za alumini au kioo zilizopakwa utando wa sumaku, zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Kwa mwendo huo wa juu, ukingo wa sahani hukimbia zaidi ya kilomita 120 kwa saa. Kichwa cha kusoma na kuandika huelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache tu. Unywele wa binadamu ni mnene kuliko nafasi hiyo mara maelfu. Kinachokizuia kisikwaruze sahani ni hewa inayovutwa na mzunguko wenyewe. Sasa umeme ukikatika ghafla? Sahani bado zina kasi, na mota iliyokuwa ikizizungusha hugeuka jenereta kwa muda mfupi, ikatoa umeme wa kutosha kukirudisha kichwa mahali pake pa kuegesha kabla hewa haijaisha nguvu.

Diski, basi, imejiandaa kwa giza. Faili iliyokuwa ikiandikwa sekunde ile haikujiandaa. Ndiyo maana seva huwekewa UPS, yaani betri ya akiba, tena ile yenye waya wa kuiarifu seva kwamba umeme umekwenda, ili izime yenyewe kwa utaratibu. Laptopu ya zamani ina betri yake mwilini, kama bado inashika chaji.

Hata ikitunzwa vizuri, diski hufa. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya 100,000. Waligundua kwamba diski ikishatoa kosa lake la kwanza wakati wa kukaguliwa, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 huwa mara 39 ya diski isiyo na kosa. Hiyo ni sababu tosha ya kuitaka seva ikutumie ripoti ya afya ya diski kila wiki, na ya kununua diski mpya siku ileile ripoti inapobadilika. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kuwa zaidi ya theluthi moja ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa dalili yoyote katika ripoti hizo.

Dawa ya kifo cha ghafla ilielezwa mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Waliiita RAID: kundi la diski za bei nafuu zinazobebana. Njia rahisi ni diski mbili zenye kitu kilekile. Njia nyingine hutumia hesabu. Chukua diski tatu. Ya kwanza ina 7, ya pili ina 5, ya tatu inatunza jumla yao, 12. Ya kwanza ikifa, 12 toa 5 unaipata 7 yako. Mashine hufanya hivyo kwa tarakimu za 0 na 1, lakini mantiki ni hiyohiyo: diski yoyote kati ya hizo ikifa, mbili zilizobaki huikokotoa upya.

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuwahi kumiliki diski. Data huoza: sumaku hudhoofika, biti moja hugeuka, na picha ya miaka kumi iliyopita hufunguka ikiwa na mstari wa kijivu katikati. Hakuna kengele inayolia, kwa kuwa diski yenyewe huenda ikaamini imesoma sawasawa. Jeff Bonwick na Matthew Ahrens wa kampuni ya Sun Microsystems walilishughulikia tatizo hili walipobuni ZFS, mfumo wa kupanga faili uliotolewa kwa umma mwaka 2005. ZFS hukokotoa alama ya kila kipande cha data na kuitunza mbali na kipande chenyewe. Kikisomwa, alama hukokotolewa upya. Zisipolingana, mfumo huchukua kipande kizima kutoka diski nyingine na kukitumia kurekebisha kilichooza. Mwenye seva huamuru ukaguzi wa diski zote, kwa kawaida mara moja kwa mwezi, ili hata faili ambazo hakuna anayezifungua zipitiwe.

Kazi ya kuhamisha nakala nayo ina historia yake. Mwaka 1996 Andrew Tridgell na Paul Mackerras, wakiwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, walitoa programu ya rsync. Badala ya kutuma faili nzima upya, rsync hulinganisha alama za vipande vya pande zote mbili, kisha hutuma vipande vilivyobadilika tu. Tridgell huyohuyo ndiye aliyeanzisha Samba, programu inayowezesha seva ya Linux kuonekana kwenye kompyuta za Windows kama folda ya kawaida.

Mara ya kwanza, hata hivyo, lazima kila kitu kisafiri. Terabaiti moja kwenye waya wa mtandao wa nyumbani wa gigabiti moja huchukua kama saa mbili na nusu. Kuipandisha intaneti kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde ni zaidi ya siku 9, usiku na mchana, bando likiteketea. Na mtandao wenyewe hukatika: Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota Tanzania, Kenya na Uganda. Seva iliyo sebuleni haikuhitaji kebo hizo.

Ila sebule pia huungua, hufurika, na huibiwa. Kuna hatari nyingine isiyovunja mlango: programu zinazofunga faili zako kwa siri na kudai fidia, kama WannaCry iliyoenea duniani Mei 2017. RAID haisaidii hapo, kwa sababu faili ikiharibiwa huharibika kwenye diski zote kwa wakati mmoja. Kinachosaidia ni picha za muda, yaani hali ya faili ilivyokuwa jana, juzi na mwezi uliopita, ambazo kompyuta za nyumbani haziruhusiwi kuzigusa. Ni salama zaidi seva izifuate faili yenyewe kuliko kompyuta kupewa nywila ya seva.

Kwa moto na mafuriko, mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, aliupa umaarufu utaratibu wa 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mahali pengine. Anayeishi Dar es Salaam anaweza kumpa ndugu yake wa Dodoma diski iliyofungwa kwa nywila, akaibadilisha na nyingine kila anapokwenda likizo.

Na nakala zenyewe hufa. Mwaka 1998 amri moja iliyokosewa ilifuta sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2 kwenye seva za Pixar. Mafundi walikimbilia nakala zao, wakakuta hazifai: mfumo ulikuwa ukishindwa kuhifadhi vizuri bila mtu kujua. Filamu iliokolewa na Galyn Susman, msimamizi wa kiufundi aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani baada ya kujifungua. Kompyuta yake ilikuwa na nakala. Walimfuata, wakaifunga kwenye mablanketi na kuirudisha ofisini kwa gari, polepole.

Kwa hiyo utunzaji wa seva hauishii kwenye vumbi, masasisho na ripoti za diski. Kila mwezi chagua faili moja bila kubagua, iwe risiti ya mwaka juzi au video ya Idi, uirudishe kutoka kwenye seva hadi kompyuta nyingine, kisha uifungue. Ikifunguka, una nakala. Isipofunguka, umepata taarifa wakati faili ya awali bado ipo.