Kompia ya Sibu: Mkate, Tanuri na Neno Lililovuka Bahari

Makala haya yanahusu mkate mdogo wa duara uitwao kompia, pamoja na mikahawa ya mtaani inayouoka mjini Sibu, kando ya Mto Rajang, katika jimbo la Sarawak nchini Malaysia. Huenda msomaji akauliza: mkate wa Wachina wa Borneo unaingiaje katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili? Unaingia kwa mlango wa lugha. Wafoochow walioupeleka mkate huo Sarawak wana lugha ya mama ambayo si lugha ya kufundishia shuleni, na ambayo vijana wao wanaiacha polepole. Mojawapo ya mahali ambapo lugha hiyo ingali na kazi ya kufanya, wala si ya kutajwa kwa majonzi tu, ni mkahawa wa zamani wa mtaani, baina ya tanuri na meza ya muuzaji.

Foochow ni tahajia kongwe ya jina Fuzhou, mji mkuu wa mkoa wa Fujian, kusini-mashariki mwa Uchina. Ramani za leo zimekwisha kuiacha tahajia hiyo, lakini watu wenyewe wa Sarawak wameishikilia kama jina la kabila lao. Mnamo mwaka wa 1900 Wong Nai Siong, msomi na Mmethodisti aliyezaliwa mwaka wa 1849, alifanya mkataba na Charles Brooke, Mwingereza aliyeitawala Sarawak kwa cheo cha Raja. Kati ya mwaka wa 1901 na 1902 walowezi 1,118 waliwasili Sibu kwa mafungu matatu. Walitarajiwa kulima mpunga. Mambo hayakwenda walivyopanga. Wong mwenyewe aliondoka mwaka wa 1904, na shughuli za walowezi zikasimamiwa na mmisionari Mmarekani, James Hoover, ambaye hukumbukwa hadi leo kwa kuhimiza kilimo cha mpira. Mwaka wa 1903 kundi jingine la Wafoochow lilifika Sitiawan, katika jimbo la Perak, na huko pia mkate huu huokwa.

Ikumbukwe kuwa ngano haistawi katika nchi hiyo ya joto na mvua. Watu waliopelekwa kulima mpunga, katikati ya majirani wanaokula wali asubuhi na jioni, walichagua kitambulisho chao kiwe mkate wa unga ulioagizwa kutoka ng'ambo. Mhamiaji hali kinachoota mlangoni pake pekee.

Mgeni anayezuru mkahawa wa aina hii asitazamie mapambo. Aghalabu ni chumba cha chini katika safu ya maduka, wazi upande wa barabara, chenye meza za duara na viti vya plastiki au vya mbao, na ukuta uliotiwa weusi na moshi wa miaka. Wateja huja alfajiri kwa kahawa na kwa kampua, tambi za Wafoochow zinazochanganywa na shahamu ya nguruwe na vitunguu vya kukaanga. Kompia huwa na kona yake, mara nyingi mbele kabisa, ili mpita njia aione na kuinusa. Wengine huiuza katika vibanda vya Soko Kuu la Sibu, lakini anayetaka kuelewa kazi yenyewe hana budi kwenda palipo na tanuri.

Msomaji wa pwani anayeujua mkate wa mofa ataufahamu ufundi huu upesi. Tanuri la jadi ni mtungi mkubwa wa udongo, mdomo wake ukielekea juu. Moto huwashwa ndani hadi kuta zishike joto la kutosha. Kinyunga cha unga wa ngano, maji, chumvi na chachu hukandwa, hukatwa madonge, kisha kila donge hubanwa likawa kisahani kisichozidi kiganja. Kwa Sibu, uso hunyunyiziwa ufuta. Kwa Sitiawan, vitunguu hutiwa ndani. Mgongo wa mkate hulowanishwa ili ushike, kisha mwokaji huutumbukiza mkono wake tanurini na kuubandika mkate ukutani kwa pigo moja. Mkate wa kwanza haujaanza kubadilika rangi ilhali wa ishirini umekwisha kubandikwa. Upesi huo si wa madaha: mkono ukikawia huungua, na mkate uliobandikwa kwa woga huanguka katika makaa. Mikate ikiiva hukwanguliwa kwa chuma kirefu na kupokewa kwa kichungi cha waya. Upande ulioshika ukuta huwa mgumu na mkavu, upande wa juu huwa laini kidogo, na tofauti hiyo ndiyo ambayo walaji wa zamani huitafuta wanapodai kwamba mkate wa jiko la umeme si kompia kamili. Kwa maoni yangu wana hoja: joko la umeme hupasha joto kutoka pande zote sawasawa, ilhali utamu wa mkate huu umo katika kutolingana.

Mkate huu huliwa mtupu ungali moto, au hupasuliwa na kujazwa nyama ya nguruwe iliyosagwa na kupikwa kwa mchuzi wa soya, mchuzi ukaachwa unyonywe na kinyunga. Kwa hakika njia hii ya pili ndiyo humvutia mgeni, lakini ya kwanza ndiyo inayompima mwokaji, maana haina mchuzi wa kumfichia kosa.

Asili ya mkate husimuliwa hivi. Katika karne ya 16, enzi ya Ming, pwani ya Fujian ilisumbuliwa na maharamia. Jenerali Qi Jiguang, aliyeishi kati ya mwaka wa 1528 na 1588, aliletwa na majeshi yake kupambana nao, na kampeni zake za Fujian za miaka ya 1562 na 1563 ni historia iliyothibitishwa. Masimulizi yanaongeza kwamba moshi wa kupika ulikuwa ukiwajulisha maharamia mahali askari walipo; kwa hiyo jenerali akaagiza mikate mikavu yenye tundu katikati, itungwe uzini na kuvaliwa shingoni kama ushanga. Askari alikula akitembea. Mkate ukaitwa kwa jina lake: silabi *guang* ya Jiguang, na *bing*, yaani mkate wa bapa.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatakosa kuona jinsi visa vya aina hii vinavyojengwa. Mkate wa shujaa si chakula tu bali ni hila. Nasi tunao mkate wa makapi ambamo tupa ilifichwa ili Fumo Liyongo akate minyororo, walinzi wakaudharau kwa kuwa ulikuwa duni. Hapo kwetu mkate huvunja kifungo; kwao huficha jeshi. Katika mila zote mbili ni chakula cha hali ya chini kinachoshinda, na pengine ndiyo sababu wasimulizi wa kawaida wamevipenda visa hivi. Mikate mingi inayouzwa Sibu siku hizi haina tundu tena, ila mwenye mkahawa akiulizwa atasimulia habari za uzi na shingo kana kwamba tundu bado lipo.

Neno lenyewe linastahili kutazamwa kwa jicho la kiisimu. Katika Kimandarini cha maandishi ya Kirumi huandikwa *guangbing*. Ni vipi *g* ikawa *k* na *b* ikawa *p*? Hazikubadilika sana. Herufi hizo mbili za Kimandarini huwakilisha vipasuo sighuna visivyo na mpumuo. Kinachotofautisha jozi za vipasuo katika lugha hiyo si ughuna bali ni mpumuo, kama Kimvita kinavyotofautisha *paa* la nyumba na *p'aa* wa mwituni. Sikio la Kimelayu lilisikia *k* na *p*, na ndivyo lilivyoandika. Halafu kuna nazali. Mwisho wa silabi ya kwanza ni nazali ya kaakaa laini, lakini mbele yake imekaa *p*, sauti ya midomo. Nazali ikavutwa midomoni ikawa *m*. Huu ni usilimisho pamwe wa nazali, uleule tunaoufunzwa kwa mifano ya *ubavu* na *mbavu*, *ulimi* na *ndimi*. Silabi ya mwisho nayo hutofautiana: huko Solo, kisiwani Java, ambako mkate wa asili hiyo pia ulifika, nazali ya mwisho imebaki na watu husema *kompyang*, Sibu imeangushwa. Katika Kihokkien, lugha jirani ya Fujian, neno hilo huishia kwa irabu yenye unazali, si kwa konsonanti kamili, na mtu asiyeizoea irabu hiyo husikia *pia* tu.

Lugha ya Wafoochow huainishwa na wanaisimu katika tawi la Kimin cha Mashariki, na mzungumzaji wa Kimandarini asiyejifunza haielewi. Kwa vizazi kadhaa ilikuwa lugha ya biashara mjini Sibu, hata baadhi ya Waiban na Wamelayu wa mjini wakajifunza kiasi cha kununulia na kuuzia. Shule za Kichina, hata hivyo, hufundisha kwa Kimandarini, na wazazi wengi sasa huzungumza Kimandarini na watoto wao nyumbani. Hali hiyo haikuletwa na uadui wa mtu yeyote. Ni hesabu ya mzazi anayemtakia mwanawe mema, hesabu ambayo wengi wetu tumeishuhudia katika nyumba za Nairobi na Eldoret, lugha ya mama ikiwa ndiyo inayotolewa.

Ndiyo maana mkahawa una uzito. Anayejifunza kuoka kompia hajifunzi kwa kitabu. Huambiwa kinyunga kikiwa kigumu, ukuta ukiwa haujashika moto, mkate ukiwa tayari kukwanguliwa. Na mzee anayeambia huambia kwa Kifoochow, kwa kuwa hayo ndiyo maneno aliyoambiwa naye. Msamiati wa kazi hukaa mkononi. Kijana akichagua kazi ya ofisini, au joko la umeme lenye saa likichukua nafasi ya mtungi, maneno hayo hukosa mahali pa kutumika, hata kama mkate wenyewe utaendelea kuuzwa kwa wingi.

Na kwa kweli unaendelea. Waislamu wa Sibu wana kompia yao halali, isiyotiwa shahamu ya nguruwe, na nyama ya ng'ombe ikichukua nafasi ya ile nyingine. Wateja huiagiza kwa Kimelayu, kwa jina lilelile. Anayetaka kumwona mwokaji akitumbukiza mkono tanurini afike asubuhi mapema, na ale papo hapo: mkate ukikaa hadi jioni hukauka, ukamlazimu mlaji aupashe moto upya au auchovye katika kahawa.